Mjadala: Je, somo la mazingira na maendeleo endelevu lifundishwe mtandaoni vyuoni?

Wadau, habari za jioni. Kila vyuo vyetu vinapotaka kupeleka somo hili mtandaoni, kuna hoja inarudi: mazingira hayasomwi kwenye simu, mwanafunzi aje darasani. Mimi napinga, na naomba tubishane kwa hoja.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya 1992, kikaanza kusomesha 1994, na wanafunzi wake wanasoma wakiwa makwao. Chukulieni anayeishi Paje au Jambiani, vijiji vya pwani ya Unguja, Zanzibar. Mwani wa biashara ulianza kulimwa huko 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Kuna aina mbili za mwani huo, kotonii na spinosamu. Kotonii, ambao bei yake ni nzuri kuliko ya spinosamu, haustahimili joto la maji ya kina kifupi: unapauka, unalainika, unakatika kwenye kamba, wimbi linauchukua. Mwanafunzi huyu mabadiliko ya tabianchi anayo mlangoni. Ukimtoa pale ukamketisha ukumbini Dar es Salaam anakili fasili ya maendeleo endelevu ya Tume ya Brundtland ya Umoja wa Mataifa ya 1987, umemsogeza karibu na nini?

Kinachoniuma mimi ni mtihani. Swali likiwa "taja nguzo tatu za maendeleo endelevu", atakariri tu, awe ukumbini au kwenye simu. Mpeni kazi ya muhula mzima: maji ya bamvua yakitoka, ashuke pwani na wakulima, apime joto la maji, ahesabu kamba zilizoharibika, awaulize waliolima tangu mwanzo wameona nini. Mwenzake wa Kilombero afanye hivyo kwenye mpunga. Kisha wakutane mtandaoni, walinganishe walichokipata. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza: Mleta mada, bando umeliweka wapi? Vipindi vya video vinalimaliza kabla mhadhiri hajafika katikati, na kuna vijiji mtandao unapatikana juu ya kilima tu. Halafu hizo data nani atajua hazikupikwa chumbani?

Mleta mada: Bando ni hoja ya kweli, siipuuzi. Ndiyo maana nasema vipindi virekodiwe kwa sauti, notsi zipakuliwe mara moja, na video ya moja kwa moja ibaki kwa majadiliano peke yake. Chuo kinachomwaga video za saa nzima kwa mwanafunzi wa kijijini hakijamfikiria.

Kuhusu kupika data: ripoti isomwe mbele ya kikundi cha wakulima wenyewe kabla ya kutumwa chuoni. Hakuna mwanafunzi atakayewadanganya akina mama wa Jambiani kuhusu mwani wao. Na hapa naongeza dai jingine: mhadhiri akienda kukagua mafunzo kwa vitendo analipwa posho, basi akina mama hao nao walipwe, maana watakuwa wanafundisha na kusahihisha. Anayepinga hili aseme kwa nini.