Famille Lubumbashi: filme ya makala

Yaya Mado: Jambo yenu bote. Jana usiku nimeangalia Makala mpaka mwisho, ile filme ya Emmanuel Gras ya 2017, ya papa mwenye kuchoma makala ya moto na kuiuzisha. Batoto balilala, miye nikabaki. Mwenye aliitengeneza ni Mufaransa, lakini ile filme ni ya kwetu.

Trésor: Ile ya papa mwenye kusukuma kinga? Yaya, mule hamuna histoire. Anakata muti, anachoma, anasukuma, anafika Kolwezi. Basi.

Yaya Mado: Njo histoire yenyewe, Trésor! Uangalie ginsi Kabwita, ule papa, anaangusha ule muti. Muti mukubwa, shoka moja, na kamera haina haraka. Unasikia shoka, unasikia pumzi yake. Kisha anapanga miti, anafunika na udongo, anangojea moto ufanye kazi. Miye napikia ku mbabula tangu utoto, na sikuwaza hata siku moja kama mu mufuko muko jasho ya vile.

Tonton Djo: Mado anasema kweli. Bale ba kinga tunapishana nabo ku barabara na tunabapigia tu honi.

Yaya Mado: Na usiku, Tonton, pale malori yanamupita karibu karibu, vumbi tupu, haone njia! Kisha ku bariyeri banamuomba feza. Nililia.

Tantine Rosette: Miye ule muziki wa violonseli ulinichokesha. Unanilazimisha kusikia huruma. Kelele ya kinga yenyewe ilitosha.

Yaya Mado: Pale tuko pamoja, Tantine. Fasi hamuna muziki njo fasi filme iko na nguvu zaidi.

Trésor: Sawa, lakini Augure, ile filme ya Baloji? Baloji ni mwana wa hapa Lubumbashi, alizaliwa hapa 1978. Ku festival ya filme ya Cannes 2023 bakamupatia prix ya sauti mupya. Mule muko rangi, muko nguo, muko ndoto. Siyo vumbi tu.

Yaya Mado: Augure naipenda, usiniweke fasi siko. Pale Koffi, ule kijana wa filme, amebeba mutoto wa dada yake na damu ya pua inaangukia ule mutoto, nilishika kifua. Ginsi sura za familia yote zinageuka! Baloji anajua familia zetu. Lakini filme imegawanywa kwa bantu bane, na tukifika kwa Paco na ba mutoto ba mu barabara, miye napoteza Koffi. Na Mama Mujila, mama yake Koffi? Ule mama njo roho ya filme, na kipande chake cha filme kinakuja mwisho kabisa. Ningemutaka tangu mwanzo.

Tantine Rosette: Kabisa! Uchungu wake ungefungua yote.

Trésor: Kugawanya njo uzuri wake. Kila mumoja familia ilimuita mulozi, na kila mumoja anabeba yake.

Yaya Mado: Naelewa, na hiyo wazo ni nzuri. Lakini Kabwita akiuliza bei ya manjanja ya nyumba yake, na bei inamushinda kisha kazi yote ile, hakuna mwenye kunifasiria kitu. Naona uso wake, inatosha.

Tonton Djo: Mado, weka ile filme ku flash. Siku ya posho mukuye kwangu, tutaiangalia bote.

Trésor: Nitakuya. Lakini na Augure pia, Tonton.

Tonton Djo: Zote mbili. Tutaanza na ya Mado.