Ukuta wa mawe makavu umetoa tumbo: tuzibe kwa mota?

Mteremko: Wakuu, ukuta wa mawe yasiyo na saruji unaobeba barabara yetu huku Lushoto una kimo cha mita 2.5. Katikati umetoa tumbo la sentimita 10 hivi. Kamati inataka kujaza mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) kwenye maungio yote kabla ya masika. Ni sawa?

FundiMawe: Msijaze, tafadhali. Maji ya mvua hutoka nje kupitia maungio hayo. Mkiyaziba yatasimama nyuma, udongo utakuwa mzito na kuusukuma ukuta.

Kwanza pimeni. Tokezeni kijiti juu ya ukuta, ning'inizeni timazi (uzi wenye uzito chini), mpime kutoka uzi hadi jiwe kila nusu mita kwenda chini. Tieni mawe hayo alama ya rangi, mrudie kila mwezi na baada ya kila mvua kubwa. Tumbo la zamani lililotulia linaweza kukaa miaka mingi. Linaloongezeka ndilo la kuogopa. Jiwe lililosogea karibuni hujionyesha: ukingo wake ni msafi, hauna ukungu wala vumbi kama wenzake.

Mteremko: Ahsante. Barabarani pia kuna ufa unaofuata ukuta, kidole kinaingia.

Mtaro_Kwanza: Basi mambo yamebadilika, ndugu. Udongo wa nyuma umeshaanza kuufuata ukuta. Zuieni malori upande huo leo hii, wala mtu asichomoe jiwe lolote chini ya tumbo. Kisha kagueni mtaro wa upande wa mlima. Ukijaa tope, maji huvuka barabara na kuzama nyuma ya ukuta. Uzibueni, na ufa mshindilie udongo wa mfinyanzi.

FundiMawe: Naafiki. Kiangazi kikifika, bomoeni kuanzia juu, mpite tumbo kidogo kila upande, kingo mziache kama ngazi. Chini unene uwe karibu nusu ya kimo, yaani mita 1.2, na uso uegemee mlimani sentimita 40 hivi hadi juu. Urefu wa jiwe uingie ndani. Wengi hulilaza lionyeshe uso mpana, na hapo ndipo tumbo huanzia. Kila jiwe likalie mawili, na kila mita moja pawe na jiwe refu la kufunga. Mawe madogo ya ndani yapangwe kwa mkono. Kifusi cha kumwaga kwa toroli hushuka polepole, kikasukuma uso nje.

Mteremko: Na mkuyu mdogo ulioota ukutani?

FundiMawe: Kateni shina, mizizi muiache hadi siku ya kubomoa. Mkiing'oa sasa itatoka na mawe.