Naomba ushauri: moshi wa zinki na macho ya mwanagenzi wangu

Ndugu mafundi, shikamooni wakubwa zangu. Nina karakana ndogo ya kuchomelea mageti na madirisha hapa Morogoro, na mwezi uliopita nilimpokea kijana wa kujifunza kazi, ambaye nilimwachia miwani ya jua kwa sababu kofia ya kuchomelea ilikuwa moja tu. Kosa ni langu. Usiku wa siku ya tatu aliamka macho yakimchoma kana kwamba yamejaa mchanga, na asubuhi hakuweza kutazama mwanga, nikampeleka zahanati. Sasa amepona.

Nimeshanunua kofia ya pili yenye kioo cheusi namba 10 (namba ya ukali wa giza lake), kwa kuwa kazi zetu nyingi huhitaji ampea 90 hadi 120. Linalonisumbua zaidi ni moshi. Tumepata kazi ya uzio wa mabomba yaliyopakwa zinki, na ninajua kwamba zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaoweza kumletea fundi homa na kutetemeka saa chache baadaye. Kwa hiyo huwa naikwangua kwa grenda sentimita chache kila upande wa kiungo, kisha tunachomelea nje, upepo ukitupiga ubavuni. Je, hiyo inatosha, au ni lazima tuvae barakoa yenye vichujio, na ni aina gani inayopatikana madukani kwetu?

Vilevile, masika yanakaribia na sakafu yetu hulowa: ili umeme usiwapige, ninyi husimama juu ya nini mnapobadilisha fimbo ya kuchomelea, ubao mkavu au zulia la mpira?