Madirisha ya aluminiamu yenye vioo vya tinti au ya mbao yenye luva: yapi yanapunguza joto?

Kibuyu Kikavu:
Wakuu salaam. Boma nimeshapaua, plasta inaisha wiki hii, nimefika kwenye madirisha. Fundi wa aluminiamu anataka advansi Jumamosi. Mama watoto kaona nyumba Bagamoyo yenye madirisha ya mbao, yale ya luva, vibao vilivyolala mshazari, anasema ndani mchana kulikuwa na ubaridi bila AC. Mimi naona mbao ni mambo ya zamani, ila umeme unanitisha. Hapa nilipopanga AC moja tu ya chumbani inakula LUKU vibaya mno. Nichukue yapi? Natanguliza shukrani.

Dada wa Goba:
Uko mkoa gani? Madirisha mangapi yanatazama magharibi? Dari umeweka? AC utafunga nyumba nzima au chumba kimoja? Bila hayo tunapiga ramli.

Mzee wa Slaidi:
Aluminiamu, tinti, maliza. Mchwa hawaigusi, kusafisha ni kitambaa tu. Mbao utapaka vanishi mpaka uchoke.

Kaskazi:
Tinti inapunguza mwanga mkali, lakini kwenye joto usiitegemee sana. Kile kioo cheusi kinanyonya jua, kinapata moto chenyewe, halafu sehemu ya joto hilo kinaitema ndani. Shika kioo cha tinti kinachotazama magharibi saa kumi jioni. Pazia nalo ni vilevile: jua limeshavuka kioo, liko sebuleni, pazia litalirudisha vipi? Mbao ikiwa nje inalizuia kabla halijagusa kioo. Tena hiyo aluminiamu ya slaidi, ya kusukuma pembeni, hata uifungue yote, iliyo wazi ni nusu ya dirisha tu. Usiku wa Februari Dar hiyo nusu utaililia.

Mzee wa Slaidi:
Kwa hiyo Masaki nzima wamekosea?

Kaskazi:
Hawajakosea, wana hela ya LUKU. Ukipita uniti 75 kwa mwezi ile bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti unaisahau.

Mbeba Boksi:
Niko Ujerumani. Huku nyumba nyingi zina Rollladen, vibao vinavyoteremka kwa nje ya kioo kama geti la duka. Siku za joto kali watu wanafungua madirisha alfajiri hewa baridi iingie, jua likipanda wanafunga na kuteremsha. Wakati wa baridi wanateremsha usiku, ile hewa iliyobanwa kati ya kibao na kioo inapunguza joto la hita kutoroka. Kwa hiyo si mambo ya kizamani, mkuu.

Mwana Kigamboni:
Mimi niliweka mbao, ngoja niseme. Fundi alinionyesha dirisha moja zuri kwenye karakana yake, akaniapia ni mninga mkavu. Nikalipa yote. Yalivyokuja yananukia mbao mbichi kabisa, anasema "hiyo ni harufu ya vanishi boss". Masika ilipoanza yakavimba, dirisha la chumba cha watoto likawa halifungui wala halifungi, limeganda nusu. Tukalala na turubai dirishani. Kiangazi kikaja, yakasinyaa yakapinda, katikati ya mabawa mawili unapitisha kiganja, vumbi na mbu wanaingia wanavyotaka. Luva mbili zikachomoka zenyewe. Bawaba nazo ni zile za bei rahisi, hewa ya chumvi huku ikazila, bawa la jikoni likaanguka karibu limpige shemeji yangu. Kumpigia fundi, "namba unayopiga haipatikani". Nimekwenda karakana, jirani yake anasema kahamia Morogoro. Mpaka leo mke wangu akiona seremala anacheka.

Randa:
Pole mkuu, ila hapo lawama ni za mbao mbichi. Mninga, mkongo au mtiki wa Longuza kule Tanga ukikaushwa sawasawa hauvimbi na kupinda hivyo. Bawaba dai za shaba au chuma kisichoshika kutu. Na luva zisibanwe kwenye fremu, ziachiwe nafasi ya kuvimba. Hela ya mwisho mlipe baada ya kufunga.

Mwana Kigamboni:
Nilimwambia akaushe. Kakausha kwa mdomo.

Dada wa Goba:
Mleta mada bado hajajibu. Dar jua la saa sita haliendi mbali na utosi mwaka mzima, madirisha ya kaskazini na kusini yanakingwa vizuri na paa lililotokeza mita moja. Shida ni mashariki na magharibi, jua linaingia likiwa chini na paa haliwezi kulizuia. Mbao weka huko, kwingine hela inapotea bure. Na kama kuna AC, ndani lazima kioo kiwepo. Luva peke yake na AC ni kupoza mtaa.

Kibuyu Kikavu:
Samahani wakuu, kazi zilinibana. Ni Madale, hapa Dar. Sebule inatazama barabarani. Dari bado, nilifikiri itasubiri mwakani.

Dada wa Goba:
Barabarani ni upande gani jamani!

Kaskazi:
Dari isubiri? Bati tupu juu ya kichwa halafu unauliza madirisha! Anza na dari, uache na matundu ya hewa chini ya paa.

Mzee wa Slaidi:
Bora hata apande miashoki upande wa jua, hela yote hii ya nini.

Randa:
Ashoki ni mrefu mwembamba, kivuli chake kinamtosha kuku. Panda mwarobaini.

Mwana Kigamboni:
Mwarobaini usiusogeze karibu na shimo la choo. Wa jirani yangu mizizi iliingia mpaka kwenye karo.

Randa:
Karo la tofali au la pete za zege? La pete ukiziba maungio vizuri mizizi haipiti.

Mwana Kigamboni:
La tofali. Pete siku hizi mnachukulia wapi, na usafiri wanaleta wenyewe?