Kitabu cha hofu ya kuongea mbele za watu: nichape mwenyewe, nimpe mchapishaji au niuze PDF?

Kalamu_Tanga: Wakuu, heshima yenu. Muswada wangu wa kushinda hofu ya kuongea mbele za watu umekamilika. Njia ni tatu: nichape mwenyewe, nimkabidhi mchapishaji, au niuze PDF kwa WhatsApp watu walipie kwa simu. Ijumaa natakiwa kumjibu mwenye kiwanda cha uchapaji. Nishike ipi?

MamaNasra: Mwanangu, kurasa ngapi? Nakala ngapi? Unamwandikia nani? Hujasema lolote, tutakushaurije?

Fundi_Wino: Idadi muhimu. Kwa ofseti, yaani mashine inayochapa kwa pleti (bamba zenye sura ya kurasa), gharama ya pleti ni ile ile uchape nakala 50 au 2,000, kwa hiyo nakala chache zinakuumiza. Kama ni mia moja hivi, nenda dijitali, inachapa toka kompyuta bila pleti.

Bibi_Harusi_MC: Kuchapa mwenyewe sirudii. Nilitoa kitabu cha ushereheshaji, nakala 500, nikalipa zote kabla ya kazi. Wiki mbili nilizoahidiwa zikawa miezi miwili, nikaahirisha uzinduzi mara mbili. Siku yenyewe mgeni rasmi akafungua katikati asome aya moja, karatasi zikamdondokea miguuni. Gundi haikushika. Mimi nimeshika kipaza sauti, miaka yote ya kusimamia harusi, sauti ikakata. Maboksi bado yako stoo kwa mama. Kaka, dai nakala ya mfano, ikunjue mpaka ilale bapa mezani, ndipo umalizie malipo. Na uombe vitabu vishonwe kwa uzi.

Msomaji_Ilala: Pole sana dada. Ndiyo maana nasema mchapishaji. Anakupa mhariri, anabeba gharama, wewe unapata mrabaha, fungu lako kwa kila nakala inayouzwa. Akikudai uchangie uchapaji, huyo anakuuzia huduma tu. Ukichapa mwenyewe, ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, utaifuatilia wewe Bodi ya Huduma za Maktaba.

Kijiwe_Moro: Mnabishania karatasi, na hofu haiishi kwa kusoma. Ralph Smedley alipoanzisha Toastmasters, klabu ya kujizoeza kuhutubia, kule California mwaka 1924, watu walisimama wakasema mbele ya wenzao. Dale Carnegie, mwalimu maarufu wa kuhutubia, naye alianza na darasa la YMCA (chama cha vijana wa Kikristo) New York mwaka 1912, vitabu vikafuata. Anzisha darasa, kitabu kiuzwe hapo hapo.

Msomaji_Ilala: Na aliye kijijini asiye na darasa? Kitabu kitamfikia.

Kalamu_Tanga: Mama Nasra, shikamoo, nisamehe. Kurasa 112, nakala 300, walengwa ni wanafunzi wa vyuo wanaotetemeka wakiwasilisha kazi.

Fundi_Wino: Karatasi kubwa moja ikikunjwa hutoa kurasa 16; 112 inagawanyika kwa 16, hutapoteza karatasi.

MamaNasra: Marahaba. Hao wa vyuo wanawasilisha kwa Kiingereza. Nimefundisha miaka mingi: mtoto anayenyamaza mbele ya darasa, nje anasimulia mpira kwa Kiswahili hadi wenzake wanamzunguka. Anaogopa lugha, si watu. Umeliandikia hilo?

Kijiwe_Moro: Sikubali, mama. Mimi hutetemeka hata kutoa salamu za rambirambi, na hapo ni Kiswahili kitupu.

Bibi_Harusi_MC: Msibani ni uchungu, kaka, hiyo nyingine.

Kalamu_Tanga: Sura ya lugha sina. Nikiiongeza kurasa zitazidi.

Fundi_Wino: Ongeza 16 kamili. Ila mkuu, Ijumaa ni kesho kutwa. Umeshatoa advansi?