Kuzunguka Ahmedabad kwa tuktuk pamoja na mama mzee: je, dereva anatosha kuwa mwongozaji?

BintiSouthB:

Salamu kwenu nyote. Mwezi wa Novemba, Mungu akipenda, mama yangu na mimi tutakuwa Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat nchini India, tukimsindikiza mdogo wangu ambaye anakwenda kufanyiwa upasuaji. Tumeelezwa kwamba kabla ya upasuaji wenyewe kutakuwa na siku za vipimo ambazo wasindikizaji hawana kazi hospitalini, na mama, ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa Kenya na hawezi kukaa chumbani akitazama kuta, ameshanitangazia kwamba hatarudi Nairobi bila cha kuwasimulia wenzake wa chama.

Wakala anayetutafutia malazi amenipendekezea dereva wa tuktuk ambaye hutembeza wageni tangu asubuhi hadi jioni kwa bei moja, na ambaye, kwa maelezo ya wakala huyo, ndiye pia anayewaeleza historia ya kila mahali. Orodha niliyoletewa ni ndefu mno: makao ya Gandhi, misikiti, mahekalu, kisima cha ngazi kilicho nje ya mji, ziwa, na mwishoni kabisa "duka la nguo za asili". Mama hana shida na tuktuk, maana huzipanda kila anapokwenda kwa dada yangu Mombasa, lakini magoti yake hayapatani na ngazi. Mahali tambarare hutembea taratibu bila kulalamika.

Ningependa kujua kutoka kwa waliofika huko: je, dereva anatosha kuwa mwongozaji, au nitafute mtu wa pili? Katika orodha hiyo kibaki kipi na kiondolewe kipi? Na bei hupatanwa vipi na mtu anayejua fika kwamba wewe ni mgeni?

MkaaNgara:

Dada, poleni kwa ugonjwa, na Mwenyezi Mungu amjalie mdogo wako afya njema. Nilikaa Ahmedabad nikimuuguza baba, na jioni nyingi nilitoka kwa tuktuk ili kupumzisha akili, kwa hiyo utanisamehe nikijibu kwa kirefu.

Kwa maoni yangu kumwendesha mgeni na kumweleza mgeni ni kazi mbili, na ni nadra kumpata mtu mmoja anayezimudu zote. Dereva mzuri anajua lango lipi lina ngazi chache, anajua saa ambazo madaraja ya mto hujaa magari, na anaweza kumshusha mama hatua chache kutoka mlangoni mahali ambapo teksi haitakubali kusimama. Hata hivyo, dereva niliyempata mimi, ambaye alikuwa amejinadi kwamba anaijua historia yote, alipotufikisha kwenye Msikiti wa Sidi Saiyyed alisema tu kwamba ni wa zamani sana, akatuonyesha pa kupigia picha, kisha akawasha injini. Na huo ndio msikiti ambao mtu yeyote wa kutoka upande wetu wa Bahari ya Hindi angepaswa kuutazama bila haraka.

Aliyeujenga, Sidi Saiyyed, alikuwa Mhabeshi, mmoja wa Waafrika wengi waliofikishwa Gujarat na biashara ya baharini, wengi wao wakiwa watumwa na askari, na ambao baadhi yao walipanda hadi kuongoza majeshi na kumiliki mali. Msikiti ulikamilika mwaka 1573, wakati uleule ambapo Akbar, mfalme wa Mughal, alikuwa akiitwaa Gujarat na utawala wa masultani wa huko ukifikia kikomo. Sifa yake kubwa ni madirisha ya mawe yenye umbo la nusu duara, ambayo mafundi waliyachonga na kuyatoboa mpaka jiwe likawa jepesi kama kimia. Katika moja kuna mti ambao matawi yake yamesokotana na kulijaza dirisha zima, na mti huo ndio uliochochea nembo ya IIM, chuo cha usimamizi kinachojulikana sana mjini humo. Dirisha la katikati, ambalo ungetarajia liwe zuri kuliko yote, limezibwa kwa mawe matupu, na huenda sababu ni kwamba vita viliwakatiza mafundi kabla hawajamaliza. Kwa kuwa kibla nchini India iko upande wa magharibi na madirisha mazuri yako kwenye ukuta huo, nenda alasiri, jua linapopenya kutoka nyuma. Msikiti ni mdogo na uko pembeni mwa barabara yenye kelele nyingi, hivyo mama hatalazimika kutembea mbali.

Kuhusu mji mkongwe, hapo tuktuk haitakufaa sana. Sultani Ahmad Shah aliuasisi mji mwaka 1411 kwenye ukingo wa mashariki wa mto Sabarmati, na mwaka 2017 UNESCO iliuandikisha kuwa Urithi wa Dunia, wa kwanza kupewa hadhi hiyo miongoni mwa miji ya India. Kinachoupa sura yake ni zile pol, mitaa midogo yenye lango lake, nyumba za mbao zilizochongwa na minara ya kulishia ndege, ambayo vichochoro vyake vingine ni vyembamba kiasi kwamba pikipiki mbili hupishana kwa shida. Tangu mwaka 1997 mamlaka ya mji imekuwa ikiendesha matembezi ya asubuhi yanayoanzia hekalu la Swaminarayan lililoko Kalupur na kuishia Jama Masjid, na waongozaji wake wanajua wanachokisema. Mama hataweza matembezi hayo, kwa sababu ni zaidi ya saa mbili za vizingiti na mawe. Ningekushauri uende wewe peke yako, kisha dereva amlete mama Jama Masjid mkutane hapo. Msikiti huo wa mwaka 1424 una uwanja mpana ulio tambarare na nguzo 260 ndani, na minara yake miwili ilianguka katika tetemeko la ardhi la mwaka 1819.

Ashram ya Sabarmati, yaani hayo makao ya Gandhi, usiiondoe kwa vyovyote. Ni mahali patulivu penye miti kando ya mto. Aliishi hapo kuanzia mwaka 1917, miaka michache baada ya kurudi kutoka Afrika Kusini, hadi tarehe 12 Machi 1930, alipotoka kwa miguu na wafuasi 78 kuelekea Dandi, mwendo wa zaidi ya kilomita 380, kwenda kuchukua chumvi ya bahari kwa kuikaidi sheria ya Waingereza. Hapo hamhitaji mwongozaji, kwa maana maelezo yameandikwa vizuri na chumba chake kinajieleza chenyewe.

FundiRuaka:

Naunga mkono karibu yote, ila sijaona mtu akigusa suala la kisima cha ngazi. Kisima cha Adalaj kiko takriban kilomita 18 kaskazini mwa mji, na kumpeleka mama mwenye magoti mabovu umbali huo kwa tuktuk, akipigwa na vumbi na moshi wa malori kwenda na kurudi, si jambo la busara. Zaidi ya hayo, uzuri wake uko chini: kilikamilika mwaka 1499 na kina orofa tano zinazoshuka ardhini, kwa hiyo hata kwa teksi mama ataishia kwenye orofa ya juu akisubiri mshuke na kupanda. Kutoka hapo juu huona nguzo na michongo kiasi cha kutosha, lakini kama mnakitaka, kodini gari lenye kiyoyozi kwa nusu siku na mkifanye kuwa safari ya pekee. Ziwa liondoeni. Tunalo la Uhuru Park hapa Nairobi.

Parklands_Kwetu:

Kem cho, yaani hamjambo kwa Kigujarati, na karibuni kwetu. Babu yangu alitoka Gujarat, na mpaka leo tuna jamaa Ahmedabad tunaowatembelea, kwa hiyo nitasema machache kwa kuwatetea madereva, kisha niingie kwenye suala la fedha ambalo wenzangu wamelipita.

Si kila dereva ni mbumbumbu wa historia. Wapo waliozaliwa ndani ya pol, na watu hao, ingawa hawatakutajia mwaka wala jina la sultani, watakuonyesha nyumba ambayo mafundi wake bado wanapiga chapa kwenye vitambaa kwa mkono, na watakupeleka Manek Chowk saa inayofaa. Uwanja huo asubuhi huwa na mboga na majani ya mifugo, mchana huwa wa wauzaji wa dhahabu na fedha, na usiku hugeuka kuwa jiko kubwa la wazi ambapo familia nzima huja kula. Mwongozaji mwenye cheti mara nyingi ameshakwenda nyumbani saa hiyo. Kwa hiyo swali la kumwuliza dereva kabla ya kumkodi ni moja: amekulia wapi?

Sasa fedha. Usikubali neno "siku nzima", kwa sababu siku nzima ndiyo inayozaa lile duka la mwisho la orodha yako. Bei ya safari ya namna hiyo huwa ya chini kwa makusudi, kwa kuwa dereva anatarajia kamisheni kutoka kwa mwenye duka, na hata usiponunua kitu, saa yako moja au zaidi itakuwa imekwisha humo. Patana naye nusu siku, andika kwenye karatasi majina ya mahali mtakapokwenda, mkubaliane kwamba muda wa kusubiri umo ndani ya bei, na umwambie waziwazi kwamba hamwendi dukani. Akipandisha bei kidogo baada ya kusikia hivyo, usikasirike, maana hiyo ndiyo bei ya kweli. Ili kujua kama anakulalia, siku ya kwanza ita tuktuk kwa programu ya simu kama Uber au Ola kwa safari fupi mbilitatu, uone umbali gani unalipiwa kiasi gani, kisha uutumie ujuzi huo. Malipo yote yawe mwishoni, na bakshishi itegemee alivyomshughulikia mama.

Beba noti ndogo ndogo. Hapa M-Pesa imetuzoesha kutembea bila fedha mfukoni, na huko nao kila mtu, hata muuza karanga, hulipwa kwa simu, lakini mgeni asiye na akaunti ya benki ya India hujikuta pembeni, na dereva mara nyingi atakuambia hana chenji.

Kama mama anapenda nguo za asili, achana na duka la dereva na umpeleke Calico Museum, jumba la vitambaa lililoanzishwa mwaka 1949. Ni lazima uweke nafasi mapema, Jumatano hufungwa, na kamera haziruhusiwi. Wachache hulitaja kwa sababu dereva hapati kitu hapo.

Kwa mwezi wa Novemba joto halitawasumbua sana. Mngekwenda Mei, ambapo hupita nyuzi 40, ningewaambia msahau tuktuk kabisa. Mkumbuke pia kwamba kisheria hubeba abiria watatu, hata kama mtaona watoto saba wa shule wakichungulia kila upande.

BintiSouthB:

Nawashukuru nyote kwa ukarimu wenu. Kisima cha Adalaj na ziwa nimeviondoa, na nimekwisha kumwandikia wakala kwamba tunataka nusu siku mbili badala ya siku moja nzima. Hata hivyo, MkaaNgara, wazo la kumwachia dereva tusiyemjua jukumu la kumleta mama kwenye msikiti halinikai vizuri, hasa kwa kuwa mama hajui Kihindi wala Kigujarati, na Kiingereza chake ni cha sokoni. Je, kuna njia nyingine? Pia ningependa kujua kama wanawake wanaruhusiwa kuingia katika misikiti hiyo miwili.

MkaaNgara:

Wasiwasi wako una msingi, nami naliondoa pendekezo hilo. Fanyeni hivi: nendeni pamoja kwa tuktuk mpaka Jama Masjid, mkutane hapo na mwongozaji wa kukodi, si wale wa matembezi ya asubuhi, awaeleze msikiti huku mama ameketi kivulini, kisha awatembeze katika pol moja tu iliyo karibu. Dereva awasubiri nje ya soko lililo kando ya msikiti huo.

Kuhusu wanawake, uwanjani mtaingia bila tatizo, ila mpaka wapi ndani ya ukumbi wa sala ni suala la wasimamizi wa kila msikiti, kwa hiyo ulizeni mlangoni. Vaeni nguo ndefu, bebeni mtandio, na mvae viatu vinavyovulika kwa urahisi, kwa ajili ya magoti yale yale. Dirisha la mti la Sidi Saiyyed huonekana hata kutoka upande wa barabara, kwa hiyo hamtalikosa. Ijumaa adhuhuri msiende kabisa.

Parklands_Kwetu:

Nyongeza moja, BintiSouthB, kabla hujatuma malipo yoyote ya awali. Tazama kalenda ujue Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, mwaka huu inaangukia lini, kwa maana huwa Oktoba au Novemba, na Wagujarati huanza mwaka wao mpya mara tu baada yake. Kwa siku kadhaa maduka mengi ya mji mkongwe hubaki yamefungwa na madereva wengi huwa wamekwenda vijijini kwao, hivyo atakayebaki barabarani atakutajia bei anayoitaka. Kama tarehe za vipimo zinaangukia humo, mwombe wakala akutafutie dereva Mwislamu, ambaye siku hizo kwake huwa za kazi kama kawaida.