PHP 8.4 imeingia, Xdebug imekataa: dibaga ipi inafanya kazi?

kambale_85
Wakuu habari za kazi. Nimepandisha PHP kutoka 8.3 hadi 8.4 kwenye Ubuntu 24.04. Ni mashine ya kazi, si seva ya wateja. Mradi ni wa Laravel, unapita kwa nginx (seva ya wavuti) na php-fpm (inayoendesha PHP nyuma yake), kihariri ni VS Code. Kwenye 8.3 Xdebug (kiendelezi cha PHP cha kudibagi, yaani kusaka makosa kwenye msimbo) haikuwa na shida, alama za kusimama (breakpoints) zilikuwa zinakamata vizuri. Sasa nikiandika `php -v` napata hii:

```
Xdebug requires Zend Engine API version 420230831.
The Zend Engine API version 420240924 which is installed, is newer.
```

Nimenakili xdebug.so kutoka /usr/lib/php/20230831 kwenda /usr/lib/php/20240924, lakini wapi. Je, kuna toleo la Xdebug linalokubali 8.4? Na kama halipo, mnadibagi kwa nini?

---

mzee_terminali
Lipo mkuu. Na hiyo ya kunakili faili usirudie, itakupotezea muda bure.

Angalia zile namba mbili. Ukiondoa 4 ya mwanzo, zinabaki tarakimu nane zilizoandikwa kama tarehe: 20230831 ndiyo 8.3, na 20240924 ndiyo 8.4. Xdebug inashika moja kwa moja miundo ya ndani ya injini ya Zend (ndiyo inayoendesha msimbo wa PHP), haiishii kuita vitendaji vya PHP tu. Muundo ukisogea hata baiti chache, .so ya zamani itasoma mahali pasipo pake na PHP itaanguka katikati ya kazi. Ndiyo maana namba inakaguliwa kabla faili haijaruhusiwa kuingia. Sasa wewe umebadilisha folda, ila namba imo ndani ya faili yenyewe.

Xdebug 3.3 inaishia PHP 8.3. Kwa 8.4 unahitaji 3.4 au zaidi. PHP 8.4 ilitoka tarehe 21 Novemba 2024 na Xdebug 3.4.0 ikafuata wiki moja baadaye, tarehe 28. Waliopandisha siku ya kwanza walibaki na matoleo ya majaribio.

Kama 8.4 yako imetoka hifadhi ya vifurushi ya ppa:ondrej/php (na lazima umeitoa mahali, kwa sababu Ubuntu 24.04 yenyewe inakuja na 8.3), futa kwanza ile nakala kisha:

```
sudo rm /usr/lib/php/20240924/xdebug.so
sudo apt update
sudo apt install php8.4-xdebug
php8.4 -v
```

Taja namba ya toleo kwenye jina la kifurushi. Ukiandika `php-xdebug` tupu unaiachia apt ikuchagulie, na inaweza kukuletea ya PHP nyingine kabisa. Mstari wa mwisho wa `php8.4 -v` uwe na `with Xdebug v3.4` au zaidi.

---

nyuzi_na_nodi
Kwa ambao hawana kifurushi tayari, njia ni pecl, kisakinishi cha viendelezi vya PHP:

```
sudo apt install php8.4-dev php-pear
sudo update-alternatives --set phpize /usr/bin/phpize8.4
sudo update-alternatives --set php-config /usr/bin/php-config8.4
sudo pecl install xdebug
```

Usiruke hiyo mistari miwili ya katikati. Mashine ikiwa na PHP mbili, phpize (chombo kinachoandaa ujenzi wa kiendelezi) ya zamani itajenga .so ya zamani bila kulalamika, na utarudi kwenye kosa lilelile ukidhani Xdebug ndiyo mbovu. Ujenzi unapoanza, soma mistari ya juu kabisa:

```
Zend Extension Api No:   420240924
```

Ukiona 420230831 hapo, bonyeza Ctrl+C usisubiri imalize. Na pecl ikikwambia tayari ipo, ni kwa sababu daftari lake linakumbuka ule usakinishaji wa 8.3. Andika `sudo pecl uninstall -r xdebug` kwanza (hiyo -r inafuta kumbukumbu tu, faili haiguswi), kisha sakinisha upya.

---

kambale_85
Shukrani wakuu. `php8.4 -v` inaonyesha Xdebug na kosa limeondoka. Ila VS Code haisimami popote. Nafungua ukurasa, unapita moja kwa moja kama hakuna alama yoyote. Mipangilio sijaigusa, ni ileile ya zamani.

---

bi_mkusanyaji
"Ileile ya zamani" ndipo shida ilipolala, kaka. Kwenye Ubuntu kila toleo lina folda yake. Uliyoyaandika yako /etc/php/8.3, na 8.4 imeanza na faili mpya yenye mstari mmoja tu wa `zend_extension=xdebug.so`. Bila kuambiwa kitu kingine, Xdebug inafanya kazi kwa hali ya `develop`: inarembesha var_dump na kuongeza maelezo kwenye makosa, basi. Haisimamishi chochote.

Fungua /etc/php/8.4/mods-available/xdebug.ini uweke:

```
zend_extension=xdebug.so
xdebug.mode=debug,develop
xdebug.start_with_request=trigger
xdebug.client_host=127.0.0.1
xdebug.client_port=9003
xdebug.log=/var/log/xdebug.log
```

Halafu:

```
sudo install -o www-data -m 666 /dev/null /var/log/xdebug.log
sudo phpenmod -v 8.4 xdebug
sudo systemctl restart php8.4-fpm
```

Mafunzo mengi mtandaoni bado yanafundisha `xdebug.remote_enable`, `remote_host` na poti 9000. Hayo ni ya Xdebug 2. Toka Xdebug 3 ya Novemba 2020 majina yamebadilika, na poti ya kawaida imekuwa 9003 kwa sababu 9000 ilikuwa inagombaniwa na php-fpm. Mpangilio wa zamani hauwashi kitu, kwa hiyo usishangae ukiweka mistari kumi na ukimya ukabaki uleule.

Jambo linalochanganya wengi ni nani anampigia nani. Anayepiga ni Xdebug, na VS Code ndiyo inayosubiri simu. Kwa hiyo washa F5 kwanza ("Listen for Xdebug"), hakikisha launch.json ina `"port": 9003`, kisha angalia kama kuna anayesikiliza:

```
ss -ltn | grep 9003
```

Pakiwa kimya hapo, usihangaike na PHP kabisa, kasoro iko upande wa kihariri. Pakiwa na mtu, fungua ukurasa ukiongeza `?XDEBUG_TRIGGER=1` mwisho wa anwani, kisha soma /var/log/xdebug.log. Ukikuta "Could not connect to debugging client", Xdebug imepiga na simu haikupokelewa. Ukikuta faili tupu kabisa, basi ombi lako halikufika kwenye PHP yenye Xdebug, au hukuweka trigger.

---

nyuzi_na_nodi
Mimi ningeweka `start_with_request=yes` yaishe, mambo ya trigger yanasumbua.

---

bi_mkusanyaji
Kwa mradi mdogo sawa. Kwa Laravel yenye foleni za kazi na cron, kila mchakato utajaribu kumpigia VS Code, hata ukiwa umeifunga. Kihariri kikiwa mashine nyingine isiyojibu, kila jaribio linasubiri hadi milisekunde 200 kabla ya kukata tamaa. Tena kila `php artisan` itakutupia ujumbe wa kushindwa kuunganisha. Trigger ni kitufe kimoja kwenye kivinjari, na kwa terminali ni `XDEBUG_TRIGGER=1 php artisan ...`. Haina usumbufu huo unaousema.

---

kambale_85
Faili ya log ni tupu. Trigger nimeweka, 9003 ina msikilizaji.

---

mzee_terminali
Basi nginx bado inaongea na 8.3. Kupandisha PHP kwa apt au update-alternatives kunabadilisha `php` ya terminali peke yake. Nginx haijui habari hizo. Tafuta:

```
grep -rn fastcgi_pass /etc/nginx/sites-enabled/
```

Nakuhakikishia utakuta `unix:/run/php/php8.3-fpm.sock`. Badilisha iwe php8.4-fpm.sock, kisha `sudo nginx -t && sudo systemctl reload nginx`. Kama php8.4-fpm haijasakinishwa utapata 502, sakinisha. Kuthibitisha, weka `<?php xdebug_info();` kwenye faili moja ndani ya public na uifungue kwa kivinjari, si kwa terminali. Inaonyesha toleo, hali zilizowashwa na faili za ini zilizosomwa. Ukimaliza ifute.

---

pwani_dev
Naongezea kwa wa Windows na XAMPP, maana kosa lao ni tofauti. DLL lazima ilingane kwa vitu vinne: toleo la PHP, TS au NTS (thread safe au la), kikusanyaji (compiler), na biti 64 au 32. PHP 8.4 imejengwa kwa VS17, wakati 8.0 hadi 8.3 zilikuwa VS16. Apache ya XAMPP inapakia PHP kama moduli, kwa hiyo unataka TS. Hakikisha hivi:

```
php -i | findstr /C:"Thread Safety"
```

Kama hutaki kubahatisha, nakili ukurasa wote wa phpinfo() na uubandike kwenye xdebug.org/wizard. Itakutajia faili kamili ya kupakua. Iite php_xdebug.dll, iweke C:\xampp\php\ext, andika `zend_extension=xdebug` kwenye php.ini, kisha zima na uwashe Apache.

Walio kwenye Docker: 127.0.0.1 ndani ya kontena ni kontena lenyewe. Weka `client_host=host.docker.internal`, na kwenye Linux ongeza `extra_hosts: "host.docker.internal:host-gateway"` ndani ya compose. Kisha pathMappings kwenye launch.json, la sivyo simu itapokelewa ila alama hazitakamata kwa kuwa njia za faili hazifanani.

Na lile swali la mwanzo la kudibagi wakati Xdebug haijatoka: phpdbg. Inatoka pamoja na PHP yenyewe toka 5.6, hivyo toleo jipya haliiachi nyuma.

```
sudo apt install php8.4-phpdbg
phpdbg8.4 -e hesabu.php
prompt> b hesabu.php:42
prompt> r
prompt> ev $jumla
prompt> t
prompt> c
```

`b` inaweka alama, `r` inaendesha, `ev` inasoma thamani, `t` inaonyesha mfuatano wa miito, `s` inasogea hatua moja, `q` unatoka. Kwa maombi ya kivinjari haifai, ni ya skripti. Kwa skripti inatosha kabisa, japo sura yake ni ya kizamani.

---

kambale_85
Ilikuwa php8.3-fpm.sock kweli. Nimebadilisha, alama zinakamata. Mzee shikamoo! Ila sasa log ya Laravel imejaa "Implicitly marking parameter $tarehe as nullable is deprecated". Hii ni Xdebug au?

---

mzee_terminali
Marahaba. Si Xdebug, ni 8.4 yenyewe. Pale ulipoandika `string $tarehe = null` andika `?string $tarehe = null`. Zilizo ndani ya vendor usizirekebishe kwa mkono, `composer update` itakuletea zilizokwisha kurekebishwa.